Namba ya Mkao wa Kuchomelea Si Daraja la Ufundi

Tangu kuanza kwa ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, mafundi wengi wa kuchomelea wamekuwa wakifika kwetu watahini kuomba "wapandishwe" kutoka 3G hadi 6G. Hakuna kupandishwa. Namba hutaja mkao wa kiungo kinapochomelewa. Herufi G ni ya mshono unaojaza mfereji kati ya vipande viwili, na F ni ya mshono wa kona.

Katika 1G kiungo kimelala, na chuma kilichoyeyuka hutulia chenyewe. Mshono wa 2G ni wa mlalo, wa 3G umesimama wima, na wa 4G uko juu ya kichwa, mikao ambayo fundi wa mageti wa Gerezani, Dar es Salaam, huizoea bila kujua majina yake. 5G ni bomba lililolazwa lisilozungushwa. Katika 6G bomba hufungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45: anayechomelea kwa kupanda huanzia chini akitazama juu, hupita ubavuni na kumalizia kileleni, huku pembe ya elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ikibadilika njia nzima, na asipofupisha tao la umeme kule chini, chuma huning'inia kama tone la nta.

Cheti nacho kina mipaka, na hapa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Kwa kanuni za ASME (chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani), Sehemu ya IX, aliyefaulu 3G kwenye bamba haruhusiwi 2G. Aliyefaulu 6G huruhusiwa mikao yote, lakini ndani ya njia ya uchomeleaji, unene na kipenyo kilichoandikwa. Na aliyejaribiwa kwa kupanda hawezi kuchomelea kwa kushuka bila mtihani mwingine. Asiyetumia njia ya uchomeleaji aliyofaulia kwa miezi 6 hupoteza uhalali wa cheti, hata kama karatasi bado inang'aa ukutani.

Katika jaribio la kukunja, kipande hukatwa kwenye mshono na kupindwa mpaka kifanane na herufi U. Ufa wazi unaozidi milimita 3 humwangusha mtahiniwa, na hatuwezi kuusamehe kwa sababu ametoka mbali. Bomba likishafungwa na msimamizi halilegezwi: atakayelizungusha ili apate mkao rahisi, mtihani wake unafutwa papo hapo.