Transfoma haigusi hertz: pikapu za zamani na umeme wa Lubumbashi

Mzee mmoja wa Kamalondo aliniletea pikapu aliyotumiwa na kijana wake kutoka Montréal. (Ndugu zangu wa Dar na Mombasa, tulieni: kwetu pikapu inaweza kuwa mashine ya kupigia santuri, si gari.) Mbao zinang'aa, kifuniko hakina mkwaruzo. Alikuwa amekwisha kununua transfoma ya kushusha volti 220 hadi 110, maana ndivyo alivyoshauriwa. "Fundi," akaniambia, "hii mashini inaimba sawa mulevi."

Sikuhitaji kuifungua. Umeme wa Kanada, kama wa Marekani, ni hertz 60, yaani unapiga mara 60 kwa sekunde; wetu ni 50. Transfoma inabadili volti, hertz haigusi. Na mota ya sinkronasi, kama ile, mwendo wake unafuata hertz. Piga hesabu: sahani inayobeba santuri, iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka mara 27.8 tu. Sauti inashuka nusu-toni tatu na kitu. Gitaa la solo linakuwa zito kama besi, na mwimbaji utadhani ameamshwa usingizini.

Hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Wanabadili sindano, wanabadili mkanda, wanapaka vanishi, na ulevi uko palepale. Mimi kwanza ninashughulikia mwendo.

Dawa yake ni puli, kile kigurudumu kidogo kilichoshikwa na mota, kinachovuta mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Kipenyo chake kiongezeke kwa asilimia 20, basi sahani itarudi mwendo wake. Ukiagiza puli ya hertz 50 kutoka Ulaya utalipa na kungoja. Lakini mji wa migodi haukosi fundi wa kukereza vyuma, turneri wetu. Mpelekee puli ya zamani akutengenezee nyingine ya shaba nyeupe au alumini. Kuna mtego hapa, nami ulininasa mara ya kwanza: unene wa mkanda nao unahesabiwa. Puli ya milimita 10 yenye mkanda wa milimita 0.6 inafanya kazi kama ya 10.6, ongeza asilimia 20 unapata 12.72, toa mkanda, puli mpya ni ya 12.12, si 12 kamili. Tofauti hiyo ndogo ni karibu asilimia 1, na mpiga gitaa ataisikia. Kwa hiyo mwambie turneri aiache nene kidogo, halafu muipunguze kidogokidogo. Chuma kikishakatwa hakirudi.

Utajuaje kwamba imefika? Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano juu yake, shika saa. Mizunguko 100 ichukue sekunde 180. Kwa santuri za 45, hesabu mizunguko 135 kwa muda uleule. Wengine wanaamini ile karatasi ya mistari 180 inayotazamwa chini ya taa ya neoni: mistari ikisimama, mwendo ni sawa. Kwa umeme wa ukutani, ni kweli. Kwa jenereta, inakudanganya. Jenereta ndogo ikilemewa, hertz zinashuka. Mota inapungua, na taa inapungua pamoja nayo, kwa hiyo mistari inasimama kimya huku wimbo ukiteremka. Shahidi na mshtakiwa wanakula chungu kimoja. Saa ya mkononi haili umeme huo, ndiyo maana ninahesabu.

Ndiyo maana pia mteja wangu anayeishi kwa jenereta ninamshauri atafute pikapu yenye mota ya umeme wa DC, yaani umeme kama wa betri, ile inayojirekebisha yenyewe. Technics walitoa SL-1200 mwaka 1972 kwa mpango huo, lakini bei yake leo si ya mshahara wetu. Kuna za mkanda zenye mota ndogo ya volti 12 ambazo watu wanazidharau kwa sababu ni plastiki. Zichukueni. Huwa na skrubu mbili ndogo za mwendo, moja ya 33 na moja ya 45, na kazi inaisha kwa dakika kumi.

Baada ya mwendo, mafuta. Toa sahani, futa mhimili na tundu lake mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha tia matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani. Niliwahi kufungua moja nikakuta mawese. Ndiyo, mawese. Mwenyewe alishangaa kwamba mashine inapiga vizuri Oktoba na kugoma Juni. Baridi yetu ya Juni inayagandisha yale mafuta kama kwenye chupa jikoni.

Mkanda wa kukata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli sikushauri. Unene wake si sawa pande zote, na kila mzunguko sauti inayumba. Hapo toa pesa. Ila kama mashine yako inasukumwa na gurudumu la mpira, gurudumu lililokauka linaweza kufufuliwa: lizungushe taratibu juu ya msasa laini, kisha lifute kwa spiriti.

Spiriti hiyohiyo iweke mbali na santuri za zamani za mizunguko 78, zile za kampuni ya Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo) ambazo babu zetu walizitunza. Zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Zinahitaji pia sindano yao pana. Ya santuri za kawaida inazama chini ya mfereji na kusoma mavumbi.

Sindano ndiyo ya mwisho. Kwa mkono mzito wa zamani ninafunga katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, ya Audio-Technica AT3600L, rahisi na mvumilivu, kwa gramu 3 hivi. Kama hauna mizani ya sonara, tengeneza bembea ya rula juu ya penseli: upande mmoja sindano, upande wa pili sarafu ya senti 2 ya euro, yenye gramu 3.06, kwa umbali uleule. Sarafu kwetu hazitembei, lakini kila familia ina shangazi Ubelgiji. Kumbuka tu kwamba katriji ya sumaku inatoa milivolti chache. Bila kikuza sauti cha awali utasikia kama mbu chumba cha pili.

Puli ya mzee tuliipunguza mara tatu. Mara ya tatu nilihesabu mizunguko 100 kwa sekunde 179, nikanyoosha mkono niizime tuirudishe kwa turneri. Akanishika mkono. "Acha vile, fundi. Mu ile miaka tulikuwa na haraka."