Raga, vyuma na sahani ya chakula: maswali ya vijana wetu na wazee wao

Vijana wanaocheza raga hapa Unguja na Pemba bado ni wachache ukilinganisha na wa mpira wa miguu, ila maswali yao ya nguvu na kula hayeshi, na ya wazazi wao ndo usiseme. Nimekusanya yanayorudi rudi. Majibu ni ya kijana wa kama miaka 13 mpaka 18 mwenye afya yake, mwenye pumu, moyo, siko seli au sukari aanzie kwa daktari sio kwangu.

Mwanangu ana miaka 14, mtaa mzima unanambia akinyanyua vyuma atabaki mfupi. Nimkataze?

Usimkataze mama. Maneno haya yapo miaka mingi, lakini wataalamu wa afya ya watoto, wakiwemo madaktari wa watoto wa Marekani, walishaliangalia hili na hawakuona kwamba mazoezi ya nguvu yenye usimamizi mzuri yanadumaza mtoto. Kilichopo ni hivi, kwenye ncha za mifupa mirefu ya kijana anayekua kuna sehemu ya gegedu ambayo ndo inayorefusha mfupa, na kweli inaweza kuumia. Ila inaumia pale mtoto anapobeba mzigo uliomzidi, mgongo umepinda, hakuna mkubwa anayemuangalia na wenzake wanampigia makofi aongeze. Kuanguka kutoka juu ya mkarafuu kunaivunja vile vile na hatujawahi kusema mikarafuu inafupisha watu. Kinachofupisha kweli ni sindano na vidonge vya steroidi, yaani zile dawa za kukuza misuli, vile vinaifunga ile sehemu ya gegedu kabla ya wakati wake, na ikishafunga mfupa haurefuki tena.

Sasa aanze na kilo ngapi?

Sifuri. Aanze na mwili wake mwenyewe, skwoti yaani kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, planki yaani kujikaza umelalia viwiko na vidole vya miguu, kujivuta kwenye tawi la mwembe. Akiweza skwoti 15 safi, visigino vimekaa chini, magoti hayaingii ndani, hapo ndo unampa mzigo mdogo. Siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, seti (mizunguko) 2 au 3 za mara 8 mpaka 15, na akimaliza seti awe bado anaweza kufanya mara mbili nyengine bila kutetemeka. Mzigo ukiwa mwepesi unaongeza asilimia 5 mpaka 10 basi. Mashindano ya "mwisho wangu kilo ngapi" ayaache mpaka akue.

Na asivunjike moyo misuli isipotokeza. Mwanzoni mwa balehe nguvu inaongezeka kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu vinajifunza kuitumia misuli ile ile iliyopo, unene unakuja baadae homoni zikishapanda. Ndo maana utakuta watoto wawili wa darasa moja, mmoja keshaota ndevu na mwengine sauti bado ya kitoto, makocha wengi wanawapa kazi moja kwa sababu umri mmoja, na mimi hilo huwa linaniudhi kwa sababu yule mdogo ndo anayeumia. Halafu kuna ile miezi ambayo mtoto anarefuka ghafla, goti linauma chini ya pia, anakuwa mzito wa kukimbia kama kavaa miguu ya mtu. Hapo punguza kukimbia na kuruka kwa muda, maumivu yakizidi au akianza kuchechemea mpeleke hospitali.

Mie niko Micheweni, huku hakuna jimu. Nifanyeje?

Huhitaji jimu wewe. Kuna vijana wanatengeneza vyuma vyao kwa kumwaga zege kwenye makopo na kutia bomba katikati, sipendi sana maana upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwengine na kopo likichomoka linaangukia mguu. Tumia dumu la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mizani unayo tayari, ukitia lita 8 una kilo 8 na kidogo za dumu lenyewe, wiki mbili mbele ukiona nyepesi unaongeza nusu lita. Likumbatie kifuani ufanye skwoti. Shika mawili, moja kila mkono, utembee hatua 30 mgongo umenyooka, hii kwa raga ni dawa maana inajenga vidole, mabega na kiuno kwa pamoja, mtu akikushika kwenye teko, yaani pale anapokudaka akuangushe, unamponyoka kirahisi, na wewe ukimshika haponyoki.

Tairi kuukuu la gari na kamba linatosha kuvuta ufukweni maji yakitoka. Fanya kwenye mchanga ulioloa uliokaza kwanza, ule mkavu wa juu unachosha ukano wa kisigino, uingie kidogo kidogo. Zoezi jengine ambalo watu hawalifanyi kwa sababu linauma: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujishushe mbele pole pole ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Mara 3 mpaka 5 zinatosha kwa kuanzia, na linapunguza sana kuchanika nyuma ya paja ambako ndo kunawatoa wakimbiaji wengi uwanjani.

Na kabla ya yote hayo kuna programu ya kupasha mwili inaitwa Activate, ya World Rugby, chama kinachosimamia raga duniani, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza na kujaribiwa kwa wachezaji wa skuli za kule. Inachukua kama dakika 20, ina mazoezi ya kusimama usiyumbe, kujigeuza, kutua, mazoezi ya shingo. Timu zilizoifanya mara tatu kwa wiki ziliumia kidogo sana kuliko zile za mara moja moja. Ni bure mtandaoni, kocha asiyeijua muonyesheni kwa adabu.

Nile nini nipate misuli? Rafiki yangu kaniambia ninunue unga wa protini wa kopo.

Kabla ya kopo nambie umekula nini leo asubuhi. Chai ya rangi na andazi? Na mchana skuli hujala kitu, au umekunywa urojo, halafu usiku ndo unashushiwa sahani ya wali wa familia nzima. Hapo ndo tatizo la vijana wetu wengi lilipo, chakula kipo ila chote kimelundikana usiku, na mwili unaotoka kwenye mazoezi saa kumi na moja jioni umeshinda hauna kitu cha kujengea. Misuli inajengwa vizuri zaidi ukila protini kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku.

Hesabu yake haina ugumu. Kijana anayefanya mazoezi anahitaji kama gramu 1.4 mpaka 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, ukiwa na kilo 60 ni gramu 84 mpaka 96. Asubuhi mayai mawili, hapo una 12. Bakuli la kunde au mbaazi za nazi, 13 nyengine. Glasi ya mtindi, 8. Vibua viwili vya kuchoma vyenye nyama ya kama gramu 150, hiyo peke yake inakaribia 35. Wali, chapati, mkate na muhogo vya siku nzima vinatia kama 15 mpaka 20. Jumla umeshafika, hujanunua kopo. Mwiku wa jana wenye maharage asubuhi si aibu hata kidogo, ni bora kuliko andazi tupu.

Dagaa nao. Tunawaanika kwa magunia wanakwenda mpaka Kongo, halafu vijana wetu wanachangishana kununua unga wa nje! Dagaa unamla na mifupa yake, unapata protini na kalsiamu humo humo, na kijana wa umri wenu anahitaji kalsiamu nyingi kuliko babaake, miligramu 1300 kwa siku. Waroweke chumvi itoke, upike na nyanya, umalize.

Huo unga wenyewe mara nyingi ni protini ya maziwa tu, si sumu, ila haukupi kitu ambacho kibua hana, na kuna makopo yamewahi kukutwa na vitu vilivyopigwa marufuku michezoni ambavyo havikuandikwa nje. Kriatini, ule unga mwengine wa kuongeza nguvu, madaktari wa watoto hawaishauri kwa walio chini ya miaka 18.

Nataka kunenepa nicheze propu, yule mzito wa mstari wa mbele.

Nusu kilo kwa wiki ikizidi sana, zaidi ya hapo unaongeza mafuta na utayabeba mwenyewe uwanjani. Ongeza mlo mmoja kati kati, mbatata za kuchemsha na mayai, ndizi na karanga, uji wa maziwa, shelisheli wakati wake. Chipsi na soda kila siku sio mlo. Ila nikuulize, kwa nini propu? Hapa mara nyingi tunacheza ya wachezaji saba, dakika 7 kila kipindi, inataka mapafu na mbio kuliko uzito, na hao Wakenya waliochukua kombe la Singapore mwaka 2016 hawakuwa mafundo ya nyama.

Maji kiasi gani? Na madafu na vile vinywaji vya kopo vya kuchangamsha?

Jipime kabla na baada ya mazoezi ukipata mizani, kilo moja iliyopotea ni kama lita moja ya jasho, irudishe na kidogo juu yake mpaka usiku, usiigide yote kwa mpigo. Huna mizani angalia mkojo, uwe wa manjano hafifu. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo na jasho la kaskazi linatoka na chumvi nyingi, kwa hiyo dafu pamoja na chakula chenye chumvi. Vile vya kopo vina kafeini na sukari, vijana wa umri huu waviache kabisa, moyo unakwenda mbio na usiku hulali, na unatakiwa ulale masaa 8 mpaka 10.

Ramadhani je, nisimamishe?

Usisimamishe, punguza. Kabla ya magharibi fanya vitu vyepesi tu, kupasiana mpira, kujinyoosha, maana miaka hii mfungo unaangukia kwenye joto. Vyuma na madumu baada ya tarawehe, ushafuturu tende, uji na maji, umetulia. Baadae ndo ule samaki na kunde, sio sambusa kumi halafu basi. Na daku usiiache ati umechoka kuamka, mayai, mtindi, mkate wa ajemi, maji ya kutosha, mapapa ya chumvi uyaweke siku nyengine. Kizunguzungu kikikushika uwanjani kaa kivulini, na hali ikizidi dini imeshatoa ruhusa ya mgonjwa kufungua, muulize sheikh wako.

Binti yangu anacheza pia, kuna tofauti?

Mazoezi ni yale yale bibie, wala hatokuwa na kifua cha mwanamme. Tofauti ni madini ya chuma, anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11, kwa sababu ya damu ya mwezi. Mchicha, kisamvu, maini, kunde, akamulie ndimu juu maana vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini, na chai asinywe na chakula, isubiri saa moja hivi, inazuia. Akichoka choka bila sababu apimwe damu. Siku zake zikikatika miezi mitatu wakati zilikuwa zinakuja vizuri, mara nyingi anakula kidogo kuliko anachotumia, mpeleke kwa daktari usingoje.

Shingo ikiwa na nguvu, kichwa hakiumii?

Inasaidia, haikingi. Weka kiganja kwenye paji, sukuma kichwa kisitembee sekunde 10, halafu nyuma, kulia, kushoto. Ila ukigongwa ukawa huelewi uko wapi, unaona mbili mbili, kichwa kinauma, unatoka na hurudi siku hiyo hata kama ni fainali na kocha analia. Kutapika tapika, degedege, kupoteza fahamu, mkono kufa ganzi, shingo kuuma, hapo ni hospitali mara moja, na mwenye shingo inayouma msimnyanyue nyanyue ovyo.

Na supu ya pweza, kweli inaleta nguvu?

Nilijua mtauliza. Pweza aliyepikwa ana karibu gramu 30 za protini kwa kila gramu 100, ana chuma, ana vitamini B12 nyingi, kwa mchezaji ni chakula safi kabisa. Hizo nguvu nyengine wanazozinadi wauzaji wa Forodhani sizijui, na kwa bei ya mshikaki mmoja wa pale wa kuuziwa mtalii unapata fungu zima la vibua Darajani, nenda asubuhi.