Mwamba siuogopi, naogopa mafuta

Mfuko wa nyuma wa suruali yangu ya kazi haukosi kipande cha boksi, kinachozidi kiganja kwa kidogo tu. Vijana wa saiti hudhani ni cha kukalia saa ya chai. Kumbe ni cha kutafutia mafuta yanayovuja, na kama ningeambiwa nichague kifaa kimoja cha usalama nibaki nacho, ningefikiria sana kabla ya kukiacha kile boksi nikachukua kofia.

Wiki jana kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alinipigia simu. Amekodi drili ya haidroliki ya kushika mkononi, atoboe mwamba kwenye shimo la maji machafu nyuma ya nyumba ya kupangisha. Miaka yote ametumia ile ya upepo, ya kampresa. "Ami, hii si ni ileile tu, ila haina kelele nyingi?" Nikamwambia si ileile hata kidogo, nikamweleza kwa dakika mbili tatu, kisha usiku mzima nikawa nakumbuka niliyoyasahau. Basi nayaandika hapa.

Drili ya kampresa inasukumwa na upepo. Upepo ukitoboka njiani unapiga kelele, unarusha vumbi, kila mtu anajua. Hii nyingine inasukumwa na mafuta. Kuna injini ndogo ya petroli au dizeli imefungwa pamoja na pampu na tangi kwenye fremu ya magurudumu. Kutoka hapo inatoka mipira miwili ya kupitishia mafuta, mmoja unapeleka mafuta kwenye drili, wa pili unayarudisha. Drili nyingi za aina hii zinataka mafuta lita 20 au 30 kwa dakika, kutegemea ukubwa wake, na presha ya kazi ni kama baa 100 hadi 140, baa ikiwa ni kipimo cha presha. Kwa wale tuliozoea geji ya tairi, baa 140 ni kama pauni 2,000. Tairi la gari dogo linajazwa pauni 30 na kitu. Sasa chukua ule mpira unaoukanyaga kanyaga kila ukizunguka saiti, ujue ndani yake kuna presha ya matairi 60 na zaidi.

Kabla hujaunganisha chochote, soma kibati kwenye drili na kibati kwenye pampu. Drili ya lita 20 ukiipa lita 30 itapiga kwa fujo, itachemsha mafuta na kuua silii zake, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje. Mwenye kukodisha atakwambia "zinaingiliana". Koplingi, yaani viungio vya mipira, zitaingiliana, ndiyo.

Nirudi kwa boksi. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa tunachimba msingi upande wa Nyali. Mwenzangu, fundi mzuri kunishinda mimi, aliona mpira umelowa karibu na koplingi. Hakuona tundu, akaona unyevu tu. Akapitisha kidole aufuate, injini ikiwa inanguruma. Akasema "aa", akautoa mkono, akaangalia: kijitundu kama cha mwiba wa samaki kwenye kidole cha shahada. Hakuna damu ya kusema. Akafuta kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Saa tisa kidole kimevimba, kigumu, cheupe. Jioni akaenda zahanati, wakaosha, wakafunga bendeji, wakampa vidonge vya maumivu. Alfajiri mkewe akanipigia. Alipofika kwa daktari wa upasuaji, mafuta yalikuwa yameshatambaa ndani ya kidole hadi kiganjani, nyama imeanza kuoza. Alibaki na mkono, kidole hakubaki nacho.

Kosa halikuwa la wale wa zahanati peke yao. Sisi hatukuwaambia. Mgonjwa akisema "nimechomwa na kitu kazini" atapewa bendeji, haki yake. Maneno ya kusema ni haya: mafuta ya presha kubwa yameingia chini ya ngozi, nahitaji daktari wa upasuaji sasa hivi. Yaseme hata kama hakuna maumivu, maana mwanzoni huwa hayapo. Madaktari huhesabu saa za kwanza, kama sita hivi, ndizo zenye tumaini kubwa la kuokoa kidole. Usikande, usifunge kwa nguvu, usingoje hadi kesho. Nenda na jina la mafuta yenyewe, limeandikwa kwenye dumu. Na glovu isikudanganye. Presha ya pauni 100 tu inatosha kutoboa ngozi, glovu ya ngozi ya ng'ombe kwa pauni 2,000 ni kama karatasi.

Ndiyo maana ya boksi. Mpira ukilowa, unazima injini. Ukikosa kabisa kuona panapovuja, unawasha, unasimama mbali kwa urefu wa mkono, unapitisha boksi juu ya mpira, uso umeugeuzia pembeni na miwani imekaa. Mafuta yakitoka kwenye tundu la sindano huyaoni hewani, lakini boksi linapata doa, mara nyingine linakatika. Hapo umejua. Zima, toa presha, badilisha mpira. Sijawahi kuona mpira uliofungwa kwa tepu au kwa kipande cha tyubu ukafika Ijumaa.

Kutoa presha nako watu hukuruka. Ukizima injini, mafuta ndani ya mipira bado yana nguvu zake. Bonyeza leva ya drili mara mbili tatu injini ikiwa imekufa, ndipo ushike koplingi. Wakati wa kuunganisha, anza na mpira wa kurudishia mafuta, umalize na wa presha. Wakati wa kufungua, wa presha kwanza, wa kurudishia mwisho. Ukigeuza utaratibu huu, presha inanaswa ndani ya drili haina pa kutokea. Chumvi ya hapa kwetu pia ina lake: koplingi iliyolala usiku mmoja karibu na bahari bila kifuniko, asubuhi ina kutu na mchanga. Ukiisukuma hivyo, ule mchanga unaenda moja kwa moja kwenye pampu. Kitambaa safi, kila mara. Si kile ulichofutia mikono.

Na jua. Mafuta yakipata moto yanatanuka, na mipira iliyofunguliwa ikiachwa kwenye jua la Februari haina nafasi ya kutanukia, kwa hiyo presha inapanda yenyewe bila injini. Utakuta kijana anapiga koplingi kwa nyundo haiingii, anadhani imeharibika. Mafuta ya kazini nayo yana kikomo: miongozo mingi ya watengenezaji inaishia nyuzi 60. Hewa yetu peke yake ishafika 32 mchana. Kipoza mafuta kikiziba kwa unga wa mawe, hiyo 60 unaipita kabla ya saa sita. Mimi hukipuliza kila baada ya tangi moja la petroli.

Sasa mwamba wenyewe. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukingo wa pwani vimekaa juu ya matumbawe ya kale. Ngome ya Yesu imekalia mwamba huohuo tangu 1593. Mtu wa kutoka bara, aliyezoea jiwe jeusi gumu la kule, akigusa mwamba wetu anacheka: "Hili si jiwe, ni biskuti." Aseme baadaye. Jiwe gumu lina adabu, kila sentimita inafanana na iliyotangulia. Tumbawe lina mapango, lina mifuko ya udongo mwekundu, lina vipande vigumu kama kioo katikati ya unga. Unatoboa vizuri, umeegemeza mwili juu ya mashine, ghafla chuma cha kutobolea kinaangukia kwenye uwazi. Drili ya kilo 20 na zaidi inashuka nusu mita kwa mkupuo na wewe unaifuata kwa kidevu. Au kichwa cha chuma kinaingia kwenye udongo, kinanasa, halafu chuma kinakataa kuzunguka na mashine ndiyo inazunguka. Mikono ya drili inageuka kwa nguvu zote za pampu, na cha kwanza kinachokutana nayo ni mbavu au goti.

Kwa hiyo hapa kwetu hatuegemei. Uzito wa mashine unatosha kufanya kazi, wewe kazi yako ni kuiongoza. Miguu imepanuka, mmoja mbele kidogo, magoti yamelegea, mguu haupandi juu ya mkono wa drili hata siku moja. Leva ni ya kubonyeza na kuachia. Niliwahi kukuta imefungwa kwa waya ili "kidole kisichoke", nikaikata mbele ya fomani wao. Sauti ikibadilika, achia. Ikishuka ghafla na kuwa nzito kama inapiga gunia, umegusa udongo. Pandisha chuma, puliza tundu, shuka tena polepole. Kwenye tumbawe mimi hupandisha kila baada ya kiganja kimoja. Maji yanazima vumbi vizuri, ila unga wa tumbawe ukikosa maji ya kutosha unageuka uji unaonata kuliko saruji.

Kuanza tundu ndiko kunakovunja vidole vya wasaidizi. Chuma kirefu kinaruka-ruka juu ya jiwe, msaidizi anakishika kwa mkono au anakizuia kwa ncha ya kiatu. Kwa nini? Anza na chuma kifupi na leva nusu, mpaka tundu likikubali chuma lenyewe. Vyuma vya urefu tofauti vinatengenezwa kwa seti, na kila kirefu kichwa chake ni chembamba kwa milimita moja hivi kuliko kilichotangulia, makusudi kiteremke kwenye tundu la mwenzake bila kunasa. Ukichanganya kifupi kilicholika na kirefu kipya umejitafutia mnaso mwenyewe.

Mahali palipowahi kulipuliwa baruti, usitoboe kwenye kitako cha tundu la zamani eti kwa sababu limeshaanza. Huenda baruti ambayo haikulipuka imebaki mle ndani. Hilo halina majadiliano. Mjini shida ni nyaya za umeme chini ya ardhi: uliza, pima, chimba kwa mkono kwanza. Mipira mingi ina waya wa chuma ndani na inapitisha umeme mpaka kwenye injini na kwa yeyote aliyeigusa. Ipo iliyotengenezwa isipitishe, imeandikwa ubavuni.

Yule kijana wa Kisauni alitaka kuteremsha injini shimoni kwa sababu mipira ni mifupi. Shimo la futi kumi na mbili! Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu, inamlaza mtu hajui analala, na anayeshuka kumwokoa analala juu yake. Uzuri mkubwa wa haidroliki ni huo kwamba injini inabaki juu. Omba mipira mirefu. Iweke injini upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na shimo, na ukumbuke upepo wa kusi na wa kaskazi havitoki mahali pamoja. Kama jirani kuna shimo la choo la zamani, simamisha kazi ukisikia harufu ya mayai mabovu, na usidhani salama imerudi harufu ikipotea.

Vumbi la tumbawe ni chokaa, linakera macho na kifua. La kuogopwa ni la mawe ya Mazeras, yale ya kutandaza uani, kwa sababu ni mchanga ulioshikana, na vumbi lake likikaa mapafuni halitoki. Maji, na barakoa ya kweli, si leso. Kelele: kanuni za Kenya za 2005 zinakomea desibeli 90 kwa saa 8, na drili unaipita hiyo ukiwa umesimama juu yake. Ziba masikio.

Mtikisiko ndio ulionidanganya mimi. Vitabu vinasema mtu aliyetikiswa mno vidole vyake vinageuka vyeupe. Miaka kumi nilitazama vidole vyangu hapa Mombasa, havikuwahi kubadilika rangi, nikajiona nina damu nzuri. Halafu Julai moja nikapanda Limuru, kule kwenye baridi, kwa mazishi. Asubuhi, chai mkononi, vidole viwili vikawa vyeupe kama chaki mpaka kifundo cha pili. Weupe ule unaletwa na baridi, na sisi baridi hatuna, kwa hiyo mwili hautupi ile ishara. Ya kwetu ni nyingine: ganzi ya usiku, kushindwa kufunga kifungo cha kanzu Ijumaa, kuangusha shilingi. Ukianza kuona hayo, acha drili umwone daktari. Kwenye saiti zangu siku hizi mtu anashika drili robo saa, anampa mwenzake, anahamisha mawe. Kazi haichelewi kama mnavyodhani, kwa sababu aliyepumzika hanasishi chuma.

Jioni, nikishazima na kutoa presha, sifungui mipira nikaitupa kwenye gari. Nachukua ncha mbili zilizotoka kwenye drili nazichomeka pamoja, zenyewe kwa zenyewe, na zile za upande wa injini vivyo hivyo. Mchanga haupati pa kuingia, na jua likipiga presha haina mahali pa kunaswa, inazunguka. Asubuhi zinafunguka kwa mkono mmoja, na nyundo inabaki kwenye boksi la vifaa.