Ulinzi Hauishii Kwenye Rebaundi

Kwa misimu kadhaa nilikuwa na timu ya mpira wa kikapu iliyokaba vizuri sana mazoezini na kufungwa ovyo kwenye mechi. Nusu uwanja, wanne kwa wanne, ilikuwa haipenyeki. Siku ya mchezo, mpira ukipotea tu, wapinzani walikuwa wanafunga wakiwa peke yao chini ya kikapu. Niliwafokea, nikawakimbiza mistari, hali ikabaki vilevile. Kuja kutulia na kuyachunguza mazoezi yetu, nikaona kosa lilikuwa langu: kila walinzi walipoupata mpira, nilipuliza filimbi. Zoezi linaishia hapo, mabega yanashuka, mtu anafunga kamba za viatu. Mara makumi kwa siku nilikuwa nawazoesha kwamba mpira ukihama mikono ni wakati wa kupumua. Kumbe hapo ndipo pa kukimbia.

Zoezi la wanne kwa wanne sikuliacha, na kwa kufundisha nafasi sijaona linalolishinda. Washambuliaji wawili wanakaa juu, wawili pembeni, wanapasiana bila haraka. Siku za mwanzo nawakataza hata kudunda. Anayemkaba mwenye mpira anambana. Aliye pasi moja mbali na mpira anaziba njia ya pasi. Aliye upande wa pili anashuka hadi kwenye eneo la sekunde 3, lile lililo mbele ya kikapu, amesimama mahali anapouona mpira na mtu wake bila kugeuza shingo. Ninachokitazama kuliko vyote ni wakati wa kuhama: wote wanne wanasogea mpira ukiwa bado hewani. Anayengoja ushikwe ndipo asogee amekwisha kuchelewa hatua mbili, na hatua mbili zinamtosha mshambuliaji kufika kikapuni.

Kisha kuna miguu, na hapa nakaa sana. Mlinzi aliyeshuka kusaidia anapaswa kumrudia mtu wake pale pasi ndefu inapovuka upande wa pili. Wengi hukimbia kwa kasi ileile mpaka mwisho, wanafika wamesimama wima, na mshambuliaji anawapita kwa mdundo mmoja. Mimi nataka akimbie kwa nguvu karibu theluthi mbili za njia, halafu azikate hatua ziwe fupi fupi, nyonga zishuke, mkono mmoja uinuke kuelekea mpira. Likifanywa sawasawa hulisikia kabla hujaliona, soli zinavyopiga sakafu haraka haraka kisha kutulia. Mara nyingine nawapa mgongo kabisa na kusahihisha kwa sikio. Ukisikia mlio mmoja mrefu wa soli kuburuzika, jua mtu kafika na kasi yake yote.

Sasa lile zoezi lililotubadilisha. Washambuliaji watano wanajipanga kwenye mstari wa mwisho. Walinzi watano wanasimama mbele yao, usawa wa mstari wa mitupo huru, kila mmoja akitazamana na wake. Namrushia mpira mshambuliaji yeyote, na wote watano wanakimbia kushambulia kikapu cha upande wa pili. Mlinzi aliyetazamana naye lazima kwanza akimbilie mstari wa mwisho, auguse, ndipo ageuke kuwafukuza wenzake. Kwa hiyo wanne wanarudi kulinda dhidi ya watano, na hakuna ajuaye zamu itamwangukia nani.

Uzuri wake ni kwamba ule mtindo wa kila mtu na mtu wake unakufa papo hapo. Wa kwanza kurudi anakwenda kulinda kikapu, hata kama mtu wake amebaki kwingine. Wa pili anausimamisha mpira. Waliobaki wanamchukua yeyote aliye karibu na hatari. Yote haya hayawezekani bila sauti. Wakinyamaza, wawili wanauvamia mpira na kikapu kinabaki wazi. Lakini mmoja akipaza "Kikapu changu!" na mwingine akijibu "Mpira wangu!", wanne wanatosha kuwachelewesha watano mpaka yule wa tano afike. Nawakumbusha pia kwamba anayeukuta mpira kabla ya mstari wa kati halazimiki kuunyang'anya. Akimfanya tu mchezeshaji ageuze mwelekeo, amekwisha kula sehemu ya zile sekunde 8 za kuvuka nusu, na wenzake wamepata muda wa kufika.

Filimbi siku hizi haina kazi hapo. Walinzi wakiupata mpira, au wakifungwa, wanashambulia kwenda upande wa pili, na waliokuwa wanashambulia ndio wanaorudi mbio. Nafanya safari tatu bila kusimama. Pointi nawapa walinzi kila wanapowalazimisha wapinzani kupunguza mwendo na kupanga shambulizi. Mwanzoni walilalamika kwamba hawajafunga kikapu. Baada ya wiki mbili walikuwa wanazihesabu pointi hizo wenyewe, kwa kelele.

Jambo moja hupitwa na makocha wengi: kurudi kunaanza mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji. Nilikuwa na mchezaji aliyependa kubaki na kiganja kimening'inia hewani, akiusindikiza mtupo wake kwa macho. Tulikubaliana kabisa nani wanabaki kugombea rebaundi, yaani mpira unaorudi mtupo ukikosa, na nani wawili wanageuka mara moja, na yeye nikamweka kwenye hao wawili. Ilimchukua muda, lakini alijifunza kuijua hatima ya mtupo wake kwa kelele za wenzake.

Kama una wachezaji watano tu, cheza watatu kwa wawili. Walinzi hao wawili wasimame mmoja mbele ya mwenzake: wa mbele anaukabili mpira, wa nyuma anaifuata pasi ya kwanza, na wa mbele anashuka upande uliobaki wazi. Shambulizi likiisha, aliyetupa au aliyepoteza mpira anageuka kulinda peke yake dhidi ya wale wawili hadi mwisho wa uwanja. Dakika 10 zinatosha. Sauti zikianza kufifia kabla ya hapo, mimi nalisimamisha na kuwapa maji.