Kwa nini ukuta wa kituo cha Arsenal umeandikwa Gillespie Road

Mpwa wangu alipokuja London kutoka Tanga alikuwa na miaka kumi na sita, na mapenzi yake kwa Arsenal hayana kipimo. Kasri la mfalme lingoje, daraja la Tower lingoje, kwanza twende kwa Washika Bunduki. Tukapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya Piccadilly. Milango ilipofunguka tukashuka, akatazama ukuta uliokuwa ng'ambo ya reli, akanishika mkono. "Shangazi, tumekosea kituo."

Ukuta ule umefunikwa kwa vigae, na juu ya vigae kwa herufi kubwa pameandikwa GILLESPIE ROAD. Hatua chache pembeni yake lipo lile duara jekundu lenye mstari wa buluu, linasema Arsenal. Hatukuwa tumekosea. Mimi kazi yangu ni kuchunguza majina ya mahali, na katika mji huu wote sijui sehemu inayonifurahisha kama jukwaa lile, kwa sababu jina la zamani na jina jipya yanaonekana kwa mtazamo mmoja.

Kituo kilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1906, kikapewa jina la mtaa wa nyumba za kawaida uliokuwa mlangoni pake. Siku hizo Arsenal hawakuwa jirani. Walikuwa ng'ambo ya mto Thames, upande wa Woolwich, walikoanza kama timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali. Mzinga mnaouona kwenye nembo ulitoka huko. Walihamia uwanja wa Highbury, jirani na kituo hiki, mwaka 1913, na moja ya sababu za kuupenda uwanja ule ni kwamba reli ilikuwa karibu nao: mashabiki wangefika kwa tiketi moja.

Mtu aliyeelewa thamani ya jambo hilo kuliko wote ni kocha Herbert Chapman, aliyejiunga na klabu mwaka 1925. Alijua kwamba jina la timu likiandikwa kwenye ramani ya reli litasomwa kila siku na watu wasiofuata mpira kabisa. Akawabana wakubwa wa reli mpaka wakakubali, na tarehe 31 Oktoba 1932 Gillespie Road ikawa Arsenal. Si kazi ndogo kubadili jina la kituo. Ramani huchapwa upya, mabango hung'olewa, na tiketi kwa maelfu hutupwa.

Vigae tu havikuguswa, na hapa inabidi nimtaje Leslie Green, msanifu aliyebuni karibu vituo hamsini kwa miaka michache. Kwa nje alivivika vigae vyekundu vya rangi ya damu ya ng'ombe, ambavyo ukishavijua utavitambua hata ukiwa juu ya basi. Kwa ndani, kwenye majukwaa, kila kituo kilipata rangi na mpangilio wake. Na jina halikupakwa rangi juu ya ukuta. Lilichomwa tanuruni pamoja na kigae. Kulifuta ni kubomoa. Green alifariki mwaka 1908, akiwa na miaka 33, na sidhani alijua kwamba alikuwa anatuachia kumbukumbu. Lakini kila ninapokwama kwenye makaratasi, kuta zake ndizo zinazonijibu.

Ukiacha Arsenal, majina mengi ya vituo hayakuanza na reli. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa hapa tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, ikivutwa kwa injini za mvuke. Katika vituo vyake saba vya mwanzo, Baker Street na Edgware Road ndivyo pekee ambavyo jina halijabadilika hata kidogo. Kimojawapo kati ya hivyo saba ni King's Cross, maana yake Njia Panda ya Mfalme. Mfalme mwenyewe ni George wa Nne, aliyejengewa mnara kwenye njia panda hiyo mwaka 1830. Watu wa London hawakuupenda. Chini ya sanamu pakawekwa kituo cha polisi, baadaye pakawa duka la bia, na ilipofika 1845 mnara wote ukabomolewa. Hebu piga hesabu: umesimama miaka kumi na mitano tu. Reli ilipokuja, mnara haupo, mfalme yuko kaburini, lakini jina lilikwisha ingia midomoni mwa watu. Leo mamilioni hulitamka bila kujua kwamba wanataja kitu ambacho hata babu wa babu zao hawakukiona.

Halafu kuna majina ya baa na nyumba za wageni. Angel, Elephant & Castle, Swiss Cottage, Royal Oak, Manor House: zote zilikuwa sehemu za kunywa na kulala. Wageni hushangaa, lakini aliyekulia Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu. Konda akiita Mwembechai, Ubungo Maziwa au Magomeni Mapipa, anataja kile ambacho abiria walikuwa wakikiona pale. London nayo, kabla ya treni, ilisafiri kwa magari ya farasi, na magari hayo yalianzia na kuishia kwenye nyumba za wageni, palipokuwa na zizi la farasi na chakula cha abiria. Reli ilirithi vijiwe vya wenye farasi pamoja na majina yake.

Kuhusu Elephant & Castle, utasimuliwa kwamba Waingereza waliharibu jina la binti wa mfalme wa Hispania, Infanta de Castilla. Hadithi tamu, lakini haina mashiko. Tembo mwenye ngome mgongoni ni picha ya kale, na hapa London ilikuwa alama ya chama cha wahunzi wa visu. Wahunzi hao walitumia pembe za ndovu kutengenezea mipini. Ukitoka pwani yetu, ambako biashara ya pembe ilibeba watu na kuwaumiza, alama hiyo huwezi kuitazama kama pambo tu.

Mengine ni ya fedha. West Kensington ilifunguliwa mwaka 1874 kwa jina la North End, upande wa Fulham. Wajenzi wa nyumba walitaka wateja wenye uwezo, na Kensington ilikuwa na hadhi. Mwaka 1877 jina likabadilishwa, na mtaa mzima ukaanza kujiita hivyo.

Lakini fumbo kubwa kuliko yote ni Charing Cross. Mwaka 1870 kituo cha kando ya mto kiliitwa Charing Cross. Mwaka 1907 kampuni nyingine ikafungua kituo chake jirani, nacho kikaitwa Charing Cross. Mwaka 1915 wakajaribu kupanga mambo: kile cha pili kikapewa jina la Strand, ambalo lilikuwa tayari la kituo cha tatu, na hicho cha tatu kikaitwa Aldwych. Miaka ya 1970 wakapanga tena. Charing Cross ya mtoni ikawa Embankment mwaka 1976, na mwaka 1979 Strand ikaunganishwa na jirani yake Trafalgar Square, zote mbili zikaitwa Charing Cross. Kwa hiyo ukisoma barua ya mwaka 1960 inayosema "tukutane kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Charing Cross", usiende Charing Cross. Nenda Embankment.

Aldwych ndiyo niipendayo kuliko zote. Neno lenyewe ni Kiingereza cha kale, maana yake makazi ya zamani. Kwa muda mrefu wataalamu walitafuta mji wa wafanyabiashara wa Kisaksoni, Lundenwic, wakiutafuta ndani ya kuta za Kirumi, wasiupate. Miaka ya 1980 ikathibitika kwamba ulikuwa magharibi ya kuta hizo, kuanzia Covent Garden hadi Aldwych, pale pale ambapo jina lilikuwa likisema siku zote.

Kituo cha Aldwych kilifungwa tarehe 30 Septemba 1994. Nilimpeleka mpwa wangu jioni ya siku ile tuliyokwenda Arsenal, tukasimama ng'ambo ya barabara tukiyapisha mabasi. Juu ya mlango uliofungwa, kwenye vigae vya damu ya ng'ombe, akasoma kwa sauti: Strand Station. Safari hii hakusema tumekosea. Aliniuliza ni lini waliliacha.