Kupe (coupé) na gari la familia: kasi haimo kwenye milango

Wengi hapa Mombasa huamini kupe, gari la chini la milango miwili, lazima iliache nyuma gari la familia la zamani, lile refu lenye buti kubwa. Inaeleweka, kwani umbo la chini huonekana la mbio. Lakini kasi hutegemea zaidi injini na uzito. Audi RS2 Avant ya 1994, gari la familia kabisa, ilikuwa na nguvu za farasi 315. Kupe ya Porsche 911 Carrera ya mwaka huohuo, 272. Audi ni nzito zaidi, ila huvuta kwa magurudumu yote manne.

Ukifika yadi, soma bamba la mtengenezaji kwenye gari (si la namba ya usajili) ujue modeli, tafuta takwimu za mtengenezaji, kisha gawanya uzito kwa nguvu: jibu dogo, gari jepesi kuondoka. Gari kuukuu fundi alipime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda za injini) kwanza, maana nguvu za kiwandani hupungua.