Mtamu barazani, mchungu nyumbani: maswali kuhusu unarsisi

Dada, unarsisi si kiburi tu?

Kiburi kidogo kila mtu anacho. Mwenye unarsisi anahitaji sifa kama pumzi, anajiona hana mfano, na maumivu ya mwenziwe hayamgusi. Jina limetoka kwa Narcissus, kijana wa hekaya za Kigiriki aliyeipenda sura yake majini. Unapokithiri, madaktari wa akili huuhesabu kuwa tatizo la hulka: mwongozo wa Marekani wa 2013 unataja dalili 9, na daktari hutafuta angalau 5. Kwa hiyo tusimpachike mtu ugonjwa. Tuangalie anavyokutenda.

Mbona Lamu nzima inamsifu mume wangu, nami nalia?

Swali hili huniuma kila nikiulizwa, mwanangu. Jioni yuko uwanja wa Mkunguni, kanzu imenyooka, analipia kahawa baraza zima, wazee anawabusu mikono. Nyumbani, chai ikipungua sukari, hasemi na mkewe siku tatu. Siku ya pili ya kununa mtu akibisha hodi: “Karibu, karibu! Mama watoto, mletee mgeni halua.” Uso umebadilika kabla komeo halijafunguka. Maana yake anaweza kujizuia akitaka.

Mwaka 1998 Delroy Paulhus, mtafiti wa Kanada, alichapisha utafiti wa vikundi vya wanafunzi waliokutana mara 7. Wenye kujikweza walipendwa kikao cha kwanza. Kufikia cha 7 wenzao walishawachoka. Sasa watu wa barazani kila siku wako kikao cha kwanza. Wewe uko cha elfu. Ndiyo maana ukisema, hawakuamini, na mwisho unajishuku mwenyewe. Huna wazimu.

Wakati wa posa ningejuaje?

Si rahisi, wala hukuwa mjinga. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Zawadi na maneno matamu hayatoshi kumpima mtu. Mpime kwa “hapana”. Mwambie leo siwezi kutoka, uone. Muungwana atasikitika kidogo yaishe. Mwingine atakununia, au atakuhesabia alivyokununulia. Tazama pia haraka yake, na anavyowasema vibaya dada zako mpaka uache kwenda kwao.

Atabadilika?

Dawa ya kumeza ya hali hii hakuna. Tiba ni mazungumzo na mtaalamu, ya muda mrefu, na lazima atake mwenyewe. Wengi hawaoni kwamba wana tatizo.

Nifanye nini?

Usibishane naye kuhusu jina la ugonjwa. Atawageuza ndugu dhidi yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, na uandike tarehe na yaliyotokea. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inahesabu pia mateso ya moyo na kunyimwa fedha, hata kama hujaguswa mwilini. Namba 1195, ya msaada kwa wanaoteswa nyumbani, hupigwa bure. Akikutisha au kukupiga, toka kwanza, nenda kwa mama au shangazi. Mazungumzo ya kusuluhisha yasubiri mpaka uwe salama.